Bati Lisilolia

Kitui mjini,
18 Mei 2025

Kwako Kasiva, mwana wa mwaitu,

Wakya? Najua umeitika "aa" hata kama uko katikati ya somo. Mimi ni mzima, tena nimenenepa kidogo, usiniulize kwa nini. Mwaitu mama yetu pia ni mzima. Alinipigia simu juzi: kuku waliobaki wamepona kideri, mbuzi mweupe amezaa pacha, na kanisani wamemchagua tena kusimamia jikoni ingawa alikataa mara mbili kwa sauti ndogo. Wewe je, baridi ya Nunguni imekuachia masikio?

Salamu pia kwa mwalimu wa nidhamu, ambaye hufungua barua zenu kabla yenu. Madam, habari ya asubuhi? Soma tu, hakuna mapenzi hapa. Huyu ni dada yangu.

Sasa sikia. Nimekuwa fundi. Usicheke, meno yataingia baridi. Kuna mzee hapa nyuma ya msikiti anaitwa Yakub, babu zake walitoka pwani, na kazi yake ni kutia bati masufuria ya shaba, yale makubwa ya pilau ya harusi. Shaba ikikutana na ndimu au nyanya hutoa kutu ya kijani, na ukiila hiyo kutu tumbo litakuhubiria mpaka asubuhi. Kwa hivyo ndani unaipaka bati. Unaosha sufuria kwa mchanga, unaipasha juu ya makaa, unanyunyiza chumvi fulani nyeupe yenye moshi wa kukohoza, unagusisha kijiti cha bati, kisha unapangusa haraka na pamba. Sufuria inageuka fedha mbele ya macho yako. Wiki ya kwanza nilichoma vidole. Wiki ya pili nilichoma suruali. Sasa sichomi kitu, naogopwa na moto.

Na hili bati si yale mabati ya kuezeka nyumba. Ni kitu laini, cheupe, kinayeyuka upesi kuliko mafuta ya mgando ya mwaitu (hapo nimeongeza kidogo). Lakini maajabu ni haya: ukikunja kijiti chake karibu na sikio, kinalia. Krrk, krrk, kama mtu anatafuna mahindi makavu chumba cha pili. Mara ya kwanza nilikitupa nikatoka nje. Mzee Yakub alicheka mpaka akakaa chini.

Anasema bati hutoka kwenye jiwe jeusi zito linalochomwa pamoja na makaa. Kasiva! Mchanga mweusi wa mto wetu pale Tawa, ule unaobaki mistari mistari baada ya mvua, si ni mweusi? Si ni mzito? Nitakuwa mtu wa kwanza kutoa bati Ukambani. Anza kuniita mheshimiwa.

Ni mimi,
Nyamai, fundi.


Nunguni,
8 Juni 2025

Kwa kaka yangu Nyamai, fundi wa wiki tatu,

Nimepokea barua yako ikiwa imefunguliwa, na Madam amesema nikwambie hajambo. Alisema bila kucheka. Mimi ni mzima, masikio yapo. Asubuhi hapa ukungu unaingia bwenini bila kubisha, na maji ya kuoga ni ya kutubia dhambi. Nimefurahi kusikia mbuzi amezaa. Mwambie mwaitu asiwape majina, akiwapa majina hatakubali wachinjwe.

Kuhusu utajiri wako. Jiwe la bati lipo kweli, linaitwa kasiteriti. Ndani yake bati limeshikana na oksijeni, hawaachani hivi hivi. Ukilichoma na makaa kwenye joto kali sana, makaa yanamnyang'anya bati ile oksijeni, yanatoroka nayo juu kama hewa, na bati linabaki peke yake chini likitiririka. Lakini joto lenyewe si la kuchoma chapati. Bati likishakuwa bati linayeyuka kwa joto dogo, ndiyo maana linakudanganya. Kulitoa kwenye jiwe ndiko kazi.

Na mchanga wa mtoni kwetu, kabla hujaita waandishi wa habari, chukua sumaku. Ukirukia sumaku, huo ni wa chuma, mheshimiwa.

Tena mwulize Mzee Yakub kama ni kweli bati huugua likikaa kwenye baridi kali muda mrefu, likawa unga wa kijivu. Kitabu kinasema hivyo. Nikisoma mahali hapo najihurumia mimi.

Usichome vidole vingine, unavyo kumi tu.

Dada yako,
Kasiva


Kitui mjini,
6 Julai 2025

Kwako Kasiva, profesa wa ukungu,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na soksi. Huku kwetu jua halijui ni Julai. Mwaitu hakusikia la mtu: mbuzi wanaitwa Baraka na Neema.

Umeshinda, lakini kidogo tu. Nilitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaenda nyumbani Jumamosi, nikaishusha juu ya mchanga. Mchanga wote uliruka ukaning'inia kama nyuki. Chuma. Nilikaa kwenye jiwe kwa muda nikiwa maskini tena. Lakini usijenge kanisa juu ya ushindi huo, kwa sababu sasa sikia nilichofanya.

Nilimwambia Mzee Yakub hiyo hadithi yako ya makaa kunyang'anya. Akavuta debe kuukuu chini ya meza, limejaa majivu ya kijivu. Kumbe bati likiyeyuka, juu yake hutanda ngozi kama ya maziwa ya moto, na yeye huiondoa kwa kijiko na kuitia debeni, miaka na miaka. Akasema, "Mwanangu, hilo nalo ni bati, limeshikwa na hewa. Kama wewe mwanamume, litoe." Basi nikachanganya na unga wa makaa, nikajaza chungu cha udongo, nikavukuta moto mpaka makwapa yakaniomba msamaha. Chungu kikawa chekundu, halafu chekundu cha kutisha. Nikakiinamisha. Kasiva, likatoka! Jeupe, linakimbia kama mjusi. Lilipopoa nikalikunja, likalia. Mzee Yakub akasema debe lote ni langu. Kwa hivyo mimi nimetoa bati, na wewe umelisoma. Nani mkubwa?

Jambo lingine la huyu mzee, halipatikani kwa fundi mwingine: hatoi sufuria kabla hajala ndani yake. Anapika uji wa ukwaju, mkali wa kufumba macho, anauacha ndani mpaka upoe, halafu anaula mbele ya mwenye sufuria. Ukimwuliza anasema, "Kazi yangu nikiiogopa mimi, wewe utaiaminije?"

Ila macho yake yamekuwa mabaya. Binti yake Tima amekuja kumchukua, amempeleka kwake Mwingi. Karakana imebaki kwa mpwa wake, Mikail. Na kuna mteja mkubwa ameingia, Mwau, yule wa kukodisha tenti na viti vya harusi. Ameleta masufuria manane ya shaba, kila moja unaweza kuogeshea ndama. Amekuja na bati lake mwenyewe.

Hayo mengine tutaongea.

Nyamai


Nunguni,
7 Septemba 2025

Kaka,

Nimefika salama, bweni ni lile lile, baridi ni ile ile. Matokeo ya mtihani wa majaribio yametoka na sitaki kuyaongelea, kwa hivyo tuongee yako.

Agosti yote tulikula mahindi ya muthokoi sufuria moja na hukusema kitu. Ulisema Mzee Yakub amekupa likizo. Mzee Yakub yuko Mwingi, haoni vizuri. Hiyo likizo aliisainia wapi? Tena ulikuja na lile debe ukalificha chini ya kitanda. Nani huenda likizo na majivu ya kazini? Na kila mtu alipotaja Kitui ulikuwa unakumbuka mbuzi hawajanywa maji. Baraka na Neema walikunywa maji mwezi huo kama ngamia.

Mwaitu hakuuliza kwa sababu ukinyamaza yeye huogopa. Mimi sikuogopi. Andika.

Kasiva


Tawa,
14 Septemba 2025

Kwako Kasiva, hakimu,

Salamu nyingi. Mwaitu amekutumia siagi ya karanga, kama haitafika mwulize Madam kama ilikuwa tamu.

Sawa. Ilikuwa hivi.

Vijiti vya Mwau nilipoviinua mara ya kwanza mkono ulishuka wenyewe. Vizito! Nikakunja kimoja karibu na sikio. Kimya. Kimya kama watoto walioulizwa nani amekula nyama. Nikakisugua kwenye karatasi ya sukari, kikaandika kama penseli. Bati la kweli haliandiki, ukilisugua karatasi inabaki na usafi wake. Nikamwambia Mikail, "Hii ni risasi, imeyeyushwa kutoka betri za gari, wakatupia bati kidogo la kudanganyia. Mtu akipikia humu atakula sumu polepole, haoni, hasikii ladha."

Mikail akasema, "Bati ni bati. Mteja ameleta lake, sisi ni mikono tu."

Nikasema mikono yangu mimi haimo. Akayapaka mwenyewe, yote manane. Na yalimeta, siwezi kukudanganya. Risasi nayo hujipodoa siku za kwanza.

Mwau akaja kuyachukua, na tai shingoni. Akasema amesikia sifa za hapa, kwamba fundi hula kwanza, basi naye anataka kuona. Uji wa ukwaju ukapikwa. Ukapoa. Mikail akaushika mwiko, halafu ghafla akakumbuka kwamba amefunga. Kasiva, kwao wanaofunga sunna hufunga Jumatatu na Alhamisi. Hii ilikuwa Jumatano.

Akanipa mwiko. "Kula, kijana, usituaibishe."

Nikamwuliza, "Mzee Yakub angekula hii?"

Mwau akasema, "Kwani kuna shida gani?" Nikasema, "Shida iko ndani, imelala." Halafu nikaipindua sufuria. Uji ukaenda chini, mwingine ukaenda kwenye viatu vya Mwau. Hiyo ya viatu sikupanga, lakini sijajuta. Mikail akapiga kelele mpaka watu wa soko la mitumba wakaja. "Fomu ya tatu hujafika, wewe unajua nini?" Mwau naye akasema hajawahi kuona fundi anayesikiliza vyuma kama daktari. Alipakia masufuria yake, manane, bila mtu kula. Mimi nikachukua debe langu nikaondoka.

Sikukwambia kwa sababu ungemwambia mwaitu, na mwaitu angesema nirudi nikaombe msamaha. Mimi siombi. Hata akija malaika na barua.

Kwenye hii bahasha kuna vijiti viwili. Chenye uzi mwekundu ni changu, kile nilichotoa kwenye majivu. Kingine ni cha Mwau, nilikipata mfukoni nilipofika nyumbani, nusu yake nimebaki nayo. Vikunje wewe mwenyewe uambie dunia nani hajui kitu.

Nyamai asiye na kazi lakini ana masikio


Nunguni,
28 Septemba 2025

Kaka yangu,

Siagi ya karanga ilifika, nusu. Madam alipoona vijiti akauliza ni vya nini, nikasema ni vya kemia, na sikudanganya.

Nilivikunja bwenini. Chako kililia, Nyamai. Wasichana wote walitaka kukisikia, kimekunjwa mpaka kikafanana na ndoana. Cha Mwau kilikunjika kama ugali. Halafu nikamwomba mwalimu wa kemia tukavipima kwenye maji: uzito, ukagawanya kwa kiasi cha maji yaliyopanda. Bati hutoka saba na kitu. Chako kilitoka saba na kitu. Risasi hutoka kumi na moja na kitu. Cha Mwau kilitoka kumi na nusu. Hakuna la kubishana.

Nilitaka kukuandikia hivyo tu, nikuache ujisifu. Sasa kaa chini.

Tarehe kumi na moja Oktoba ni maombi ya sisi watahiniwa. Wazazi watakuja, na mwaitu ana kadi tayari. Ijumaa nilimwona mtu mwenye tai akishusha mapema tenti za siku hiyo kwenye lori, nikauliza jina. Ni Mwau. Nyuma ya tenti kulikuwa na masufuria ya shaba. Nilijifanya nabeba viti nikachungulia ndani. Hayameti tena. Yamekuwa rangi ya wingu la mvua. Na mapishi ni pilau ya nyanya, wamesema wageni wasile muthokoi siku kama hiyo.

Shule nzima, Nyamai, na wazazi. Nikisema, ni nani amesema? Mwanafunzi, na kaka yake aliyefukuzwa kazi kwa kumwaga uji. Watasema tunalipiza kisasi. Na mtihani uko mlangoni. Wakinirudisha nyumbani sasa nimekwisha.

Usije hapa getini kupiga kelele. Nakujua.

Kasiva


Tawa,
3 Oktoba 2025

Kasiva,

Leo sina salamu. Mama wa kabeji anaondoka sasa hivi kuja huko kununua mzigo, anashika barua mkono mmoja na mimi naandika mkono mwingine.

Nimempigia Mikail, amesema nifute namba yake. Nimempigia Mwau, nimesema neno moja akakata. Nimemwambia mwaitu asile. Unajua alichonijibu? "Chakula kilichoombewa hakimdhuru mtu." Kwa hivyo huyo ni wako, mimi nimeshindwa.

Madam, najua uko hapa. Utani wote wa zamani nimeuweka kando. Soma hii mara mbili. Neno hili linalofuata sikuliandika kwa kalamu, nimeliandika kwa kijiti cha Mwau. Bati halisi halingeweza:

RISASI

Sugua na kidole uone kitakavyokuwa cheusi. Halafu nawa kidole kabla hujashika mkate.

Na wewe Kasiva, acha kunihesabia watu watakaosema. Ruhusa ya kutokula haiombwi. Mimi nilisimama peke yangu mbele ya wanaume wawili na sufuria, na bado napumua, ingawa sina kazi. Wewe una shule nzima nyuma yako, haijajua tu.

Getini sitakuja. Nimekutii, andika tarehe.

Nyamai


Nunguni,
13 Oktoba 2025

Kwa Nyamai, kaka yangu,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua umekaa juu ya jiwe barabarani ukisubiri mama wa kabeji. Mwaitu atakuwa amekusimulia, lakini mwaitu husimulia kama mhubiri, kwa hivyo pokea yangu pia.

Barua yako ilinifikia ina dirisha. Mahali pa lile neno palikuwa pamekatwa kwa makasi, mraba safi. Nililia, nikafikiri wamekunyamazisha hata kwenye karatasi.

Siku ya maombi tuliombewa tangu asubuhi mpaka magoti yakasahau kunyooka. Chakula kilipokuwa tayari, harufu yake ilikuwa ya ushetani, nakiri. Nikamfuata Madam nyuma ya jiko. Nikamwonyesha karatasi yenye dirisha. Nikasema, "Madam, barua hii uliisoma kabla yangu. Dirisha hili umelikata wewe. Kama tutakula, hutaweza kusema hukujua."

Akasema, "Rudi kwenye mstari."

Basi nikarudi. Nilikuwa wa tatu kutoka mbele. Wawili wa mbele nikawanong'oneza, wakaniachia nafasi. Mwau alikuwa amesimama karibu na sufuria ya kwanza akitabasamu na wageni. Nilipofika nikageuza sahani yangu kifudifudi, nikaiweka chini kwenye nyasi, nikakaa kando yake. Mpishi akauliza, "Wewe unaumwa?" Nikasema hapana, siumwi, na sitaki kuumwa. Yule aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyekisikiliza kijiti chako bwenini. Akageuza yake. Mwingine akageuza. Wengine hata hawakujua sababu, waligeuza kwa sababu ni sisi. Sahani zikawa zinalia tu kwenye nyasi, ta, ta, ta, mstari wote.

Mkuu wa shule akachukua kipaza sauti akauliza huo ni mgomo wa nani. Ndipo mwaitu akatoka kwenye kiti cha wazazi na sahani yake. Nilijua anakuja kunichapa mbele ya watu. Akaja mpaka hapo nilipo, akaniangalia, akageuza sahani akakaa chini na kile kitenge chake kipya. Akasema kwa sauti, "Kama mwanangu hali, mimi nina njaa gani?"

Halafu Madam akapanda jukwaani. Akafungua mkoba akatoa kile kipande alichokata. Kumbe alikuwa amekipeleka kwa mwalimu wa kemia, naye akamwambia yale yale tuliyoyapima. Alikuwa amekaa nacho wiki nzima. Sijui kwa nini. Hakusema na sikumwuliza. Alisema tu, "Chakula hiki hakitaliwa hapa. Nimesoma." Mwau akaanza kueleza kwamba fundi wa Kitui ndiye aliyechanganya, na mzazi mmoja akamwuliza basi bati lililetwa na nani. Hapo tai ikambana.

Kavindu wa jikoni akawasha moto upya, akapika muthokoi kwenye masufuria ya shule yaliyoungua. Wageni walikula jua likizama, na mwaitu alirudi mara mbili.

Mimi nimepewa adhabu: kufyeka nyasi za uwanja Jumamosi mbili, kwa kuongoza wenzangu bila ruhusa. Mwambie mwaitu asiende kulalamika. Nafyeka nikiimba.

Sasa niache nisome.

Kasiva


Tawa,
2 Novemba 2025

Kwako Kasiva, kiongozi wa sahani,

Wakya tena. Kwanza mtihani: usiogope kitu chenye kurasa. Mwaitu ni mzima, na kanisani ameshatoa ushuhuda wa zile sahani Jumapili tatu. Ya tatu malaika walikuwa wameingia. Neema amekula kona ya kadi ya maombi, nimemwacha, ameombewa.

Mzee Yakub alimwita Mikail aende Mwingi. Sijui walisemezana nini, lakini Mikail sasa anauza vifuniko vya simu. Mzee amenitumia koleo zake na gunia la pamba kwa mkono wa Tima, na ujumbe mfupi: "Mwambie asivukute kwa hasira, moto hujua." Nimejenga tanuri langu kando ya kinu cha posho mili, upande usio na upepo. Wateja wapo. Si wengi, lakini wanajua njia.

Sasa, juzi siku ya soko lori likasimama. Akashuka Mwau. Bila wageni ni mfupi, hujawahi kuona. Akanivuta kando, akasema anataka yale manane yakwanguliwe risasi yote na kutiwa bati safi, maana hakuna harusi inayoyataka tena kuanzia hapa mpaka Migwani. Ila nimfanyie nyumbani, nyuma ya boma, soko likiisha. Kimya kimya.

Nikasema hapana.

Akasema nichague siku nyingine.

Nikasema, "Siku nimechagua. Ni leo. Na mahali ni hapa."

"Hapa mbele ya watu wote hawa?"

"Hao ndio wangekula, mzee. Waache waone kinachotoka."

Kasiva, alikasirika akavimba kama chapati. Akaniambia yale yale, kwamba fomu ya tatu sikufika, kwamba ningekuwa mtoto wake angenitia adabu. Watu wakaanza kusogea. Wale akina mama wa nyanya waliacha nyanya. Nikamwambia lori liko pale, barabara ni ile, na fundi mwingine wa bati namjua mmoja tu, haoni, yuko Mwingi, naye ndiye aliyenifundisha kukataa.

Alipanda lori. Likaunguruma. Likakaa hapo linaunguruma, haliendi. Halafu likazima, akashuka, na yale manane yakashushwa.

Nikajifunga kitambaa usoni kwa ajili ya ule moshi, nikawarudisha watoto nyuma, nikaweka sufuria ya kwanza juu ya makaa. Risasi ikaanza kulegea, nyeusi nyeusi, naipangusa na kuitupa kwenye mkebe nitakaoufunga. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo ndiyo mlikuwa mnataka kulisha watoto?" Niliendelea kupangusa. Hakuniuliza mimi.

Lakini kazi hii ina shida moja, mwana wa mwaitu. Mtu mmoja hawezi kupangusa na kuvukuta kwa pamoja, na mimi msaidizi sina bado. Nikageuka nikamwangalia Mwau. Nikamsukumia mvukuto kwa mguu, taratibu, kwa heshima.

Alitazama soko lote. Halafu akalegeza tai, akaivua, akaitia mfukoni, akachutama.

Anavukuta vibaya sana. Ikabidi nimfundishe.

Nyamai,
fundi wa Tawa, kando ya posho mili